Visanduku 1,024 vya Calcutta

Mwaka 1897 ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa Calcutta, India. Sifa alipewa Edward Henry, mkuu wa polisi wa Bengal, lakini hesabu iliyoiendesha ilikuwa ya Azizul Haque, akisaidiwa na Hem Chandra Bose. Sisi makarani wa masijala, tuliokula mshahara kwa hesabu hiyo hadi kompyuta zilipokuja, tuna deni kwa hao wawili.

Kadi zilikuwa maelfu. Utaipataje ya mtu mmoja upesi? Haque aligawa vidole kumi katika jozi tano, akazipa thamani: 16, 8, 4, 2 na 1. Kidole chenye mchoro wa duara huchukua thamani ya jozi yake. Chenye kitanzi au tao hupata sifuri. Unajumlisha mafungu mawili, kila fungu likiwa na kidole kimoja cha kila jozi, unaongeza 1 kwa kila fungu, unapata kisanduku. 32 mara 32: visanduku 1,024. Kabati zima huligusi.

Lakini ukikosea mchoro wa kidole kimoja tu, unakwenda kisanduku kingine, na mtu uliyemtafuta unaandika hayumo, kumbe yumo. Wapasua mawe na wakulima ndio waliotutesa: mistari imelika, duara na kitanzi havitofautiani. Mzee aliyenifunza kazi alisema, "Kijana, ukisita, fungua vyote viwili." Sawa, mzee. Kidole kimoja chenye utata ni visanduku viwili. Viwili ni vinne. Vitatu ni vinane. Ijumaa jioni, nani hufungua vinane? Na kisanduku cha 1 juu ya 1, cha wasio na duara hata moja, kilifurika kuliko vyote.

Nchini Kenya, sheria ya kipande (cheti cha kuandikishwa) ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ililazimisha wanaume Waafrika kuanzia umri wa miaka 16 kuandikishwa kwa alama za vidole. Aliyemtoroka mwajiri alisakwa kwa kumbukumbu hizo. Ikiwa karani alikosea kisanduku na mtoro akapona, kosa hilo mimi silihesabu.

Kompyuta nazo mara nyingi huchuja kwanza ndipo zilinganishe, na kiwango cha kuchuja hupangwa na mtu mwenye haraka zake. Ukiambiwa dirishani kwamba alama zako hazimo, usiondoke: uliza kama walitafuta katika kumbukumbu zote au katika fungu moja tu.