Mlinzi wa Watergate Aliyestahili Kuwa Steringi

Kama unapenda muvi za siasa za miaka ya 70, bila shaka umekutana na All the President's Men ya 1976. Waandishi wawili wa gazeti wanafukunyua skendo ya Watergate, skendo iliyomng'oa rais wa Marekani madarakani. Ilibeba Oscar 4. Hebu irudie tena, na ile mwanzo usiiruke.

Kuna mlinzi mweusi yuko doria, anakuta kitasa cha mlango kimebandikwa tepu ili usijifunge. Kumbe yule sio mwigizaji bana! Ndiye mlinzi mwenyewe aliyekuwa zamu usiku wa tarehe 17 Juni 1972. Alikuwa kijana wa miaka 24, analipwa kama dola 80 kwa wiki. Mara ya kwanza aliibandua ile tepu akadhani ni wafanya usafi wameiacha. Aliporudi akaikuta tena, ndio akapiga simu polisi. Watu 5 wakadakwa ndani ya ofisi za chama cha Democratic, na Agosti 1974 rais akajiuzulu.

Bila huyo jamaa hakuna stori. Lakini kwenye muvi ya zaidi ya saa 2, kapewa dakika chache tu halafu kwaheri. Wanaobaki kuendesha stori ni wazungu. Na huku mtaani maisha yalimpiga, ajira ikawa ngumu, akafariki mwaka 2000 akiwa masikini, miaka 52 tu.

Sasa kuna muvi nyingine ilitoka 1973, The Spook Who Sat by the Door. Mwongozaji mweusi, riwaya ya mwandishi mweusi, steringi mweusi. Neno "spook" lina maana mbili kule Marekani: jasusi, na pia tusi la kumwita mtu mweusi. Kukaa mlangoni ni ule mchezo wa ofisi kuajiri mweusi mmoja na kumweka pale ambapo kila anayeingia atamwona.

Ndani ya muvi, seneta anahofia kura za weusi, hivyo anaibana CIA iajiri mweusi. Steringi anafaulu mafunzo kuliko wenzake wote, halafu anapewa kazi gani? Mashine ya kutoa kopi. Anavumilia miaka 5, anaacha kazi, anarudi Chicago na kuwafundisha vijana wa magenge kila alichojifunza.

Hiyo haikupewa Oscar. Iliondolewa haraka kwenye kumbi za sinema, na kwa miaka mingi watu waliitazama kwa kanda za kuibia. Mwaka 2012 ndio Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiweka kwenye orodha ya filamu za kuhifadhiwa.

Muvi zote mbili zina mtu mweusi mlangoni. Moja ilimwonyesha ikampita, nyingine ikamfuata mpaka mwisho.

Haya wadau, tupia hapo chini: ni muvi gani nyingine ya zamani ambayo mlinzi, dereva au dada wa kazi ndiye alistahili kuwa steringi?