Ubao Ulioinama katika Historia ya Msuguano: Euler Kabla ya Coulomb

Vitabu vingi vya fizikia humtaja Coulomb peke yake vinapotofautisha msuguano wa kitu kilichotulia na ule wa kitu kilicho katika mwendo. Sehemu hii inadai kwamba sifa hiyo ni ya watu wawili, na ushahidi wake umo katika kifaa sahili mno: ubao ulioinamishwa.

Leonardo da Vinci alikwisha kubaini kwamba msuguano hautegemei ukubwa wa eneo linalogusana, ila daftari zake hazikuchapishwa enzi zake. Mwaka 1699, jijini Paris, Guillaume Amontons alitangaza jambo hilo hilo, akaongeza kuwa msuguano ni takriban theluthi moja ya kani inayogandamiza.

Leonhard Euler, akiwa Berlin mwaka 1748, alilikabili suala hilo kwa hesabu. Uzito wa kitu kilicho juu ya uso ulioinama hugawanyika: sehemu hukigandamiza usoni, sehemu hukivuta chini. Mwinamo ukizidi, mvuto hukua na mgandamizo hupungua, hadi msawazo uvunjike. Tanjenti ya pembe hiyo ndiyo kizigeu cha msuguano; uzito wenyewe haumo katika jibu. Kwa theluthi ya Amontons, pembe hiyo ni nyuzi 18 na ushei.

Hapo ndipo Euler alipopiga hatua ambayo, kwa maoni ya mtafiti, haijathaminiwa ipasavyo. Endapo msuguano ungebaki vilevile baada ya kitu kuanza kwenda, mwinamo uliozidi kidogo tu ungekiteremsha polepole mno. Kinachoonekana ni kinyume: kitu huchomoka kwa kasi. Kwa hiyo msuguano wa mwendo sharti uwe mdogo kuliko ule wa utulivu.

Coulomb naye hakurudia tu. Katika majaribio aliyoyafanya Rochefort, bandari ya wanamaji wa Ufaransa, yaliyompatia tuzo mwaka 1781 na kuchapishwa mwaka 1785, alitumia zaidi meza ya mlalo na kitelezi kilichovutwa kwa mizani ya uzito. Aligundua kwamba mbao zilizokaa zimegusana hushikana zaidi kadiri muda wa utulivu unavyorefuka. Kwa meli inayosubiri kushushwa majini juu ya magogo yaliyoinama, pembe iliyotosha mwanzoni huenda isitoshe baadaye. Msawazo wa Euler haukuwa na saa ndani yake; wa Coulomb ulikuwa nayo.