Mawindo ya Alfajiri: Habari za Uwindaji Katika Nchi ya Iringa na Mbeya



Leo twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo kila mtu aliyekulia bara analijua, yaani kuwinda wanyama kwa ajili ya kitoweo. Nasi tutalitazama hasa katika nchi ya Iringa na Mbeya. Lakini kabla ya kuingia katika habari za kale, twaomba ruhusa kusimulia kisa cha asubuhi moja, maana ndicho kilichotufanya tufungue vitabu.

Miaka mingi iliyopita, wakati wa likizo ya chuo, tuliondoka na rafiki yetu, mwalimu kama sisi, tukaelekea porini upande wa magharibi ya Iringa. Jogoo wa pili alikuwa amekwisha kuwika. Tulikuwa na bunduki moja, risasi tatu, na hati ya ruhusa tuliyoilipia ada. Kuwinda alfajiri kuna sababu zake: majani yaliyolowa umande hayapigi kelele yakikanyagwa, upepo bado umelala, na wanyama wangali wanakula mahali pa wazi kabla jua halijawapeleka kivulini. Kando ya bonde lenye matete rafiki yetu akamwona tohe dume. Tohe alikwisha kuinua kichwa. Nasi tulijua kwamba akipiga mbinja yake, wenzake wote watatoweka. Rafiki yetu akapiga goti, akafyatua mara moja tu, na mnyama akaanguka pale pale. Hata jua lilipochomoza, tulikuwa tumekwisha kumfunga juu ya mti, tukashika njia ya kurudi.

Kijijini tukampita mzee mmoja ameketi mlangoni pake. Akatuamkia, “Kamwene,” nasi tukaitika, “Kamwene, baba.” Tukamkatia fungu la nyama. Akalipokea kwa mikono miwili, akasema: “Ahsanteni, wanangu. Baba yangu alifungwa kwa ajili ya mnyama kama huyu, aliyemchoma mkuki katika shamba lake mwenyewe. Ninyi mna karatasi. Basi niambieni, ninyi mnaofundisha: mnyama huyu ni wa nani?”

Hatukuwa na jibu. Tulicheka kwa haya, tukaenda zetu. Lakini swali lile halikutuacha.

Wasikilizaji, uwindaji katika nchi hii una umri mkubwa sana. Mtu akitoka Iringa kwa njia ya Mbeya, mwendo wa kilomita kama 20, atafika Isimila, mahali ambapo mvua zimechimba korongo na kuacha nguzo ndefu za udongo. Hapo mwaka 1951 yaligunduliwa mashoka ya mawe ya watu wa kale, na miaka ya 1957 na 1958 mtaalamu Clark Howell wa Marekani akayachimbua pamoja na mifupa ya wanyama, hata ya aina ya kiboko ambaye leo hayupo tena duniani. Wataalamu wanakadiria kwamba vitu vile vina umri upitao miaka 200,000. Maana yake ni kwamba mabonde tunayoyapita kwa basi yalikuwa mahali pa nyama na visu vya mawe zamani sana, kabla ya kabila lolote tulijualo kuwa na jina.

Tukija karibu zaidi, twaona kwamba watu wa bara waliwinda kwa mikuki, mishale, mbwa, nyavu na mashimo. Kazi ya nyavu na mashimo haikuwa ya mtu mmoja. Ilitaka kijiji kizima. Wengine walifukuza, wengine walingoja, na nyama iligawanywa kwa desturi iliyojulikana na wote. Katika nchi nyingi za bara, tembo alipouawa, jino lililogusa ardhi lilikuwa la mtawala, kwa kuwa ardhi ilikuwa chini ya ulinzi wake. Pembe zilipoanza kununuliwa sana na misafara ya pwani katika karne ya 19, haki hii ikawatajirisha watawala wengi. Ndizo zamani za Munyigumba na mwanawe Mkwawa katika Uhehe, na za akina Merere katika Usangu. Basi tusidhani kwamba watu wa kale hawakuwa na sheria za porini. Walikuwa nazo; ila ziliandikwa katika kumbukumbu za watu.

Kisha ikaja miaka ya taabu. Kuanzia yapata mwaka 1890 sotoka ilienea Afrika ya Mashariki, ikaua ng’ombe wengi sana pamoja na nyati na wanyama wengine wa porini. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walilishinda jeshi la Wajerumani huko Lugalo, na kamanda wao Zelewski akauawa. Mwaka 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Mkwawa akaingia porini, na kwa muda wa miaka karibu minne pori lile lile la wawindaji likamficha, hata akajiua kwa risasi huko Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898.

Wakati huo huo sheria mpya ilikuwa imetungwa. Mwaka 1896 gavana Hermann von Wissmann alitoa amri ya kulinda wanyama, na kuanzia hapo kuwinda kulihitaji hati yenye ada. Mwaka 1900 wajumbe wa serikali za Ulaya walikutana London wakatia sahihi mapatano juu ya wanyama wa Afrika. Na miongoni mwa mambo waliyotaka yazuiwe ni nyavu na mashimo. Hatusemi kwamba sheria haikuwa na sababu: tembo walikuwa wakiuawa ovyo kwa ajili ya pembe, na wageni wenye bunduki walishiriki sana katika uharibifu huo. Lakini tazameni matokeo yake. Mwenye fedha na bunduki aliitwa mwindaji; mwenye wavu na njaa aliitwa mwizi.

Baada ya Vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907 njaa iliua watu wengi kusini, mashamba yakageuka pori, na wanyama wakasogea. Mkulima aliyebaki alilinda mahindi yake usiku dhidi ya nguruwe, bila silaha ya kutosha. Huenda shamba la baba yake yule mzee lilikuwa mojawapo ya mashamba ya namna hiyo.

Mwaka 1910 Wajerumani walitenga hifadhi iliyoitwa Saba. Mwaka 1946, zamani za Waingereza, ikaitwa Rungwa. Na mwaka 1964, baada ya uhuru, sehemu yake ikawa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2008 nchi ya Usangu iliongezwa, hata hifadhi ikapita kilomita za mraba 20,000. Humo wamo tandala wakubwa na wadogo, korongo na palahala. Ni fahari kwetu sote. Lakini tukumbuke pia wafugaji waliohamishwa kutoka Ihefu mwaka 2006 kwa ajili ya kulinda maji ya Ruaha.

Swali la mzee limejibiwa kwa njia mbalimbali. Serikali yetu ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978. Sera ya mwaka 1998 ilifungua mlango wa vijiji kusimamia wanyama katika ardhi yao. Huko Idodi na Pawaga, karibu na Ruaha, vijiji viliungana katika MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga; wakapewa idadi ya wanyama wa kuwindwa, na fedha zake zikasaidia kazi za vijiji. Jibu hili halijakamilika, lakini angalau wenye mashamba wamo ndani yake.

Nasi waalimu tuna wajibu. Twawafundisha watoto kuheshimu sheria ya wanyama, na ni vema, maana tohe akiisha bondeni, hakuna hati itakayomrudisha. Lakini tuwaambie pia sheria ilitoka wapi, na nani aliumia ilipokuja. Mtoto ajuaye habari zote mbili ataitunza mali hiyo kama yake mwenyewe.

Yule mzee amekwisha kufariki. Kama tungeweza kupita tena mlangoni pake alfajiri, tungeketi kwanza, tukaomba msamaha kwa kicheko kile, kisha tukamwambia: Baba, mnyama yule alikuwa wako pia.