Homa Yenye Majibu Mawili

Historia ya upandikizaji wa ini huandikwa kama historia ya wapasuaji. Huanza na Thomas Starzl, mjini Denver, Marekani, tarehe 1 Machi 1963. Mgonjwa wake, mtoto wa miaka mitatu, alivuja damu hadi akafa siku hiyohiyo. Mwaka 1967 ndipo walipoanza kupatikana walioishi zaidi ya mwaka mmoja. Mimi, ninayesomea shahada ya uzamili katika historia ya tiba, huvutwa zaidi na watu wa maabara.

Fikiria mgonjwa ambaye kidonda chake kimepona. Wiki chache baadaye anapata homa, na vimeng'enya vya ini vinapanda. Huenda mwili unalikataa ini la mgeni; hapo huongezewa dawa za kushusha kinga. Au huenda ni sitomegalovirusi, kirusi ambacho wengi wetu tunaishi nacho bila kuugua, na ambacho huweza kuingia pamoja na ini lenyewe. Hapo dawa hizohizo mara nyingi hupunguzwa. Dalili ni zilezile, tiba zinapingana. Daktari akikisia vibaya, anamwagia moto mafuta.

Kabla ya kirusi hicho kuoteshwa maabara katika miaka ya 1950, alama yake, seli kubwa zenye kiini kama jicho la bundi, ilionekana zaidi katika maiti. Kuotesha kulisaidia walio hai, lakini jibu liliweza kuchukua wiki kadhaa, na mgonjwa hana wiki. Mwaka 1984 watafiti wa Mayo Clinic, Minnesota, walitumia mashine ya kuzungusha kusukuma kirusi kwenye seli, kisha wakaisaka protini yake ya mwanzo kwa kingamwili. Jibu likaja ndani ya siku moja au mbili. Mwaka 1988, huko Groningen, Uholanzi, protini ilitafutwa moja kwa moja katika seli nyeupe za damu; saa chache zikatosha.

Kisha ikaja PCR, tuliyoizoea wakati wa Uviko-19, inayohesabu vinasaba vya kirusi. Hata hivyo, kila maabara ilihesabu kivyake hadi Shirika la Afya Duniani lilipoweka kipimo rejea mwaka 2010.

Ripoti hizo hazina majina ya wagonjwa. Zina muda wao tu: wiki, siku, saa. Ninaamini muda huo unastahili ukurasa wake kando ya kisu cha Starzl.