Asili ya Zoezi la Kusahihisha Sentensi za Kiingereza

Hapana mtu aliyesoma Kiingereza katika shule za Afrika ya Mashariki asiyelijua zoezi lile ambalo mwalimu huliandika ubaoni kwa maneno machache: sahihisha sentensi zifuatazo. Mwanafunzi hupewa sentensi kumi mbovu, naye hutakiwa kuzirudisha zikiwa nzima. Zoezi hili limezoeleka mno, hata ni nadra mtu kuuliza lilianza wapi, na ni nani aliyeamua kwamba sentensi hii ni mbovu na ile ni njema. Lakini swali hilo lina uzito wake, maana alama hupunguzwa, na mtoto huweza kukosa nafasi ya kuendelea na masomo, kwa makosa ambayo kwa hakika si ya namna moja.

Zoezi lenyewe lina umri wa zaidi ya miaka mia mbili na sabini. Miongoni mwa watu wa kwanza kulitia katika kitabu cha sarufi ya Kiingereza alikuwa mwanamke, Ann Fisher, mwalimu wa wasichana katika mji wa Newcastle, kaskazini ya Uingereza. Sarufi yake, ambayo toleo lake la pili lilitoka mwaka 1750, ilikuwa na mafungu ya sentensi zilizoharibiwa kwa makusudi ili mwanafunzi azitengeneze. Shule za Kilatini zilikuwa zimekwisha kuzoea mazoezi ya jinsi hiyo. Jambo jipya lilikuwa kuipa lugha ya nyumbani heshima ileile. Tena mwanamke huyu hakupenda kuivika lugha yake nguo za kuazima, kwani majina mengi ya sarufi yaliyotoka katika Kilatini aliyaacha, akatumia maneno ya Kiingereza cha kawaida. Waliomfuata hawakuwa na tahadhari hiyo.

Ili kuupima uamuzi wao, yafaa kwanza kutazama jinsi sentensi ya Kiingereza ilivyopata umbo lake. Kabla Wanormani hawajaiteka Uingereza mwaka 1066, maneno ya Kiingereza yalikuwa na viishio vilivyoonyesha nani ametenda na nani ametendwa. Viishio hivyo, vilivyokuwa vimeanza kudhoofika hata kabla ya wakati huo, vilipotea karibu vyote katika karne zilizofuata, na kazi yao ikachukuliwa na mpango wa maneno. Katika Kiswahili mtu aweza kusema «Kisu kimemkata mtoto», au «Mtoto kimemkata kisu», na maana isipotee, kwa sababu ki- na -m- zimesimama ndani ya kitenzi kama mashahidi wawili. Kiingereza hakina mashahidi hao. Mtenda hutambulikana kwa mahali pake, mbele ya kitenzi. Akiondolewa hapo, au kitenzi chenyewe kikikosekana, sentensi huanguka. Hilo ndilo kosa la muundo, nalo ni kosa kwa kila Mwingereza, awe amesoma au hakusoma.

Namna ya pili ya makosa ilizaliwa mezani kwa wanachuoni. Mfano ulio maarufu ni ule wa kumaliza sentensi kwa kihusishi. Mwaka 1672 mshairi John Dryden alimlaumu Ben Jonson, aliyekuwa amekwisha kufa, kwa kuweka kihusishi mwishoni. Hatimaye aliirudia insha yake mwenyewe ya mwaka 1668 juu ya michezo ya kuigiza, na katika toleo la mwaka 1684 akavihamisha vihusishi vyake vya mwisho kimoja kimoja. Katika Kilatini kihusishi kwa desturi hutangulia jina. Lakini Waingereza walikuwa wamekiweka mwishoni kwa karne nyingi bila ya mtu yeyote kushindwa kuelewa.

Mwaka 1762 ulitoka mjini London ufupisho wa sarufi ya Kiingereza ulioandikwa na Robert Lowth, kasisi aliyekuwa bingwa wa ushairi wa Kiebrania, na ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Oxford, kisha wa London. Njia yake ilikuwa ya ujasiri. Makosa hakuyatunga mwenyewe, bali aliyatafuta katika maandiko ya wakubwa: Shakespeare, Milton, Swift, na hata tafsiri ya Biblia ya mwaka 1611, akayaweka chini ya kurasa zake. Katika mambo mengine Lowth alikuwa mpole kuliko sifa aliyopewa baadaye. Juu ya kihusishi cha mwisho alisema tu kwamba chafaa katika mazungumzo na maandishi ya kawaida, na kwamba mtindo wa heshima hupendezwa zaidi na kukitanguliza. Wala hakumkataza mtu. Waliomnakili ndio walioligeuza shauri kuwa amri.

Kanuni ya ukanushi yastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Chaucer, katika karne ya 14, alirundika maneno ya kukanusha mawili, matatu au zaidi katika sentensi moja, na kila moja lilizidi kuutia nguvu ukanushi. Katika karne ya 18 wanasarufi, James Greenwood akiwa mmoja wao katika kitabu chake cha mwaka 1711, walifundisha kwamba vikanushi viwili huuana na kuleta ukubali, kama ilivyo katika hesabu. Kwa hiyo «I do not know nothing» ikahesabiwa kuwa na maana ya kujua kitu, ingawa hakuna Mwingereza aliyepata kuisikia hivyo. Kiswahili chaonyesha vema mahali hoja hiyo ilipokosea. Tukisema «Hakuna asiyejua», vikanushi viwili vyauana kweli, kwa kuwa kila kimoja kina kitenzi chake. Tukisema «Sijui wala sitaki», haviuani hata kidogo. Basi jambo hili huamuliwa na muundo wa kila lugha, na hesabu haina neno hapo. Sentensi ile ya Kiingereza imetoka katika matumizi ya walioelimika, na mwalimu ana haki ya kuonya juu yake. Ila sababu anayoitoa kwa kawaida si sababu.

Aliyeyaeneza haya yote ni Lindley Murray, mwanasheria mzaliwa wa Pennsylvania aliyehamia Uingereza mwaka 1784 na kukaa karibu na mji wa York. Sarufi yake ya mwaka 1795 aliiandika kwa ajili ya shule ya wasichana ya Waquaker mjini humo, na mwaka 1797 akaongeza kitabu cha mazoezi kilichojaa sentensi za kusahihishwa. Vitabu vyake vilichapwa tena na tena pande zote mbili za Atlantiki. Ndani yake kosa la muundo na kosa la mtindo hukaa safu moja, kwa nambari zinazofuatana. Mwaka 1864 Henry Alford, mkuu wa kanisa la Canterbury, alitoa kitabu cha kuwaonya Waingereza juu ya lugha yao; mwaka uleule George Washington Moon alichapa kitabu kizima cha kuonyesha makosa yaliyomo katika sentensi za Alford mwenyewe. Ugomvi huo uliwachekesha wengi, na haukuwafunza wengi.

Mwaka 1940 Charles Fries, mtaalamu wa lugha wa Kimarekani, alifuata njia nyingine. Alichunguza barua ambazo raia wa kawaida waliiandikia serikali yao, akaonyesha kwamba waliosoma na wasiosoma walitofautiana zaidi katika wingi wa njia za kuunga mawazo kuliko katika makosa yanayohesabiwa vitabuni.

Uchunguzi huo wamhusu sana mwanafunzi mwenye kusema Kiswahili. Anapoandika «My brother he is sick», ameitafsiri a- ya «ndugu yangu anaumwa». Anapoulizwa kwa Kiingereza kama hakumwona mtu, akajibu «Yes, I did not see him», amelikubali swali, kama Kiswahili kinavyotaka. Na anapoandika «The hare came, he saw the well, he drank», ameifuata -ka- ya hadithi: akaja, akakiona kisima, akanywa. Silabi hiyo moja hufunga kitendo na kitendo bila ya kiunganishi. Kiingereza hakina mfano wake, nacho hudai «and», au nukta, au kitenzi kimoja kiwekwe chini ya kingine. Mstari mwekundu chini ya mkato ule haumwambii mtoto lolote juu ya -ka-. Mwalimu akiziandika sentensi hizo mbili ubaoni, ya Kiswahili juu na ya Kiingereza chini, mtoto ataona kwa macho yake ni kiungo gani kilichobaki upande wa pili.