Malezi ya Wavulana katika Shule za Bweni

MALEZI YA WAVULANA SHULENI ni jumla ya uangalizi, nasaha na mazoezi ambayo kwayo mvulana aliyekwisha kubaleghe, lakini ambaye bado hajawa mtu mzima, hutunzwa mwili, moyo na tabia, mbali na masomo yapimwayo kwa mitihani. Jambo hili hudhihirika zaidi katika shule za bweni, ambako mwalimu hukaimu mahali pa baba na mjomba kwa miezi mingi ya mwaka, na ambako kijana wa miaka 14 hujikuta usiku miongoni mwa makumi ya wenziwe, asiwe na wa kumwambia kwamba anaumwa au ana hofu, ila yule aliyewekwa kumsikiliza.

Asili yake

Pwani ya Afrika ya Mashariki ilikuwa na taratibu zake kabla ya shule hizo. Wavulana walitiwa jandoni pamoja, wakafundwa adabu na mambo ya utu uzima. Habari hizo mwandishi Mtoro bin Mwinyi Bakari alizieleza katika *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903. Shule ya bweni ilipokuja ilimtoa kijana katika mikono ya jamaa zake, ikalazimika kumpatia walezi wengine.

Mfano uliotapakaa katika shule zilizofuata desturi ya Kiingereza ulitengenezwa katika shule ya Rugby, Uingereza, na Thomas Arnold (1795–1842), kasisi aliyeshika ukuu wa shule hiyo tangu mwaka 1828 hata kufa kwake. Arnold alitanguliza dini na maadili, kisha mwenendo wa kiungwana, na akili akaiweka ya tatu. Akawakabidhi wanafunzi wa darasa la juu sehemu ya mamlaka yake juu ya wadogo, na nyumba za kulala akazitia chini ya walimu wasaidizi, ili afundishaye mchana awe pia mwenye kuwajua wavulana wake usiku. Yasimuliwa kwamba aliipokea kauli ya mwanafunzi bila kuitilia shaka, hata wavulana wenyewe wakaona ni aibu kumdanganya mtu ambaye angeusadiki uongo wao kwa moyo safi. Walakini Arnold huyo huyo aliitetea desturi ya wadogo kuwatumikia wakubwa, na ukatili uliokuwamo mabwenini mwanafunzi wake wa zamani, Thomas Hughes, aliuonyesha katika riwaya ya *Tom Brown's School Days* (1857).

Karne iliyofuata, Kurt Hahn (1886–1974), Mjerumani wa ukoo wa Kiyahudi, aliianzisha shule ya Salem mwaka 1920 pamoja na Prince Max wa Baden. Mwaka 1933 akatiwa kizuizini na Wanazi, na mwaka uliofuata akafungua Gordonstoun huko Uskoti. Kila mvulana alipewa orodha ya wajibu wake wa siku, kama kuoga maji baridi na kufanya mazoezi ya viungo, akaweka alama mwenyewe ya kutimiza au kutotimiza, na hapana mtu aliyemkagua: alihesabiwa kuwa mkweli mpaka yeye mwenyewe aivunje amana hiyo. Katika fikira za Hahn zilitoka shule ya Outward Bound, iliyoanzishwa Aberdovey, Wales, mwaka 1941, na tuzo ya Duke of Edinburgh ya mwaka 1956, ambayo hapo mwanzo ilikuwa ya wavulana peke yao.

Afrika ya Mashariki

Alliance High School, iliyofunguliwa Kikuyu, Kenya, mwaka 1926 na umoja wa misheni za Kiprotestanti, ilipata umbo lake chini ya Edward Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyekuwa mkuu wake toka 1940 hata 1962. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia hapo mwaka 1955 wakati wa Hali ya Hatari chini ya serikali ya kikoloni, ameandika jinsi alivyorudi nyumbani likizoni akakuta kijiji chao kimebomolewa, hata shule ikawa kimbilio lake. Na hapo yaonekana kwamba malezi huweza kuwa kuta na kitanda tu, kabla hayajawa maneno. Katika Tanzania, waraka wa Rais Nyerere wa *Elimu ya Kujitegemea* (1967) uliwataka wanafunzi washiriki katika kazi za shule na katika maamuzi yahusuyo kazi hizo.

Watendaji

Bwenini hutazamiwa watu watatu: mwalimu wa bweni, kiranja na mnasihi. Wa kwanza ndiye jicho la shule. Anapopita na kurunzi baada ya taa kuzimwa, au alfajiri kabla ya kengele, hutazama mambo madogo: sahani ya ugali iliyorudishwa bila kuguswa siku ya tatu mfululizo, sanduku lililofungwa kana kwamba mwenyewe yu safarini, godoro lililoanikwa nyuma ya bweni na kijana aliyelowesha kitanda, naye anaogopa kicheko kuliko fimbo. Mwalimu mwenye busara halitaji godoro hilo mbele ya gwaride. Humtafutia mwenyewe shuka kavu, akamwita jioni kwa kisingizio cha kazi nyingine. Mnasihi naye huweka siri aliyoambiwa, isipokuwa pale uhai au usalama wa mtu unapokuwa hatarini.

Kasoro na marekebisho

Kiranja ndiye kiungo chenye manufaa na hatari sawia. Akichaguliwa na walimu pasipo ridhaa ya wenziwe, kisha akapewa chumba chake na idhini ya kuadhibu, aghalabu huonekana kuwa jasusi. Mwaka 1999, katika Nyeri High School, Kenya, viranja wanne waliuawa kwa moto uliotiwa na wanafunzi wenzao chumbani mwao. Na Machi 2001 wavulana 67 waliteketea katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, baada ya moto kuwashwa makusudi. Mwaka huo Kenya ilipiga marufuku adhabu ya viboko mashuleni, na baadaye mabaraza ya wanafunzi, ambayo wajumbe wake huchaguliwa kwa kura, yakaenea badala ya viranja wa kuteuliwa.

Mabadiliko hayo hayakuondoa haja ya mtu mzima. Baraza laweza kufikisha malalamiko juu ya chakula au ratiba, lakini kijana mwenye godoro bichi hatapeleka shauri lake mbele ya wajumbe. Yeye angali amngoja mtu mmoja ajuaye jina lake, atakayepita nyuma ya bweni, aone, na asiseme.