Kutoka Runyenjes Hadi Sibiloi: Mifupa Iko Wapi Hasa?

Familia ya Runyenjes inayopanga kwenda Sibiloi likizo ya Agosti hubishana na watoto kwanza. Wameona dinosaria kwenye katuni, wamesikia kuna hifadhi ya jangwani iliyojaa visukuku, wakajumlisha. Hesabu yao haiko mbali sana na ukweli. Imekosea ng'ambo moja ya ziwa na miaka milioni sitini na ushei.

Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi iko ufuko wa mashariki wa Ziwa Turkana, Kaunti ya Marsabit. Ilitengwa mwaka 1973, ina kilomita za mraba 1,570, na tangu 1997 imo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mashapo ya Koobi Fora, ambayo ndiyo yaliyoipa sifa, hayazidi sana umri wa miaka milioni 4. Dinosaria walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Mifupa yao Turkana iko upande wa magharibi, ndani ya mawe ya mchanga ya Lapurr karibu na Lokitaung. Camille Arambourg na mwenzake Wolff waliandika kuihusu mwaka 1969, na baada ya mwaka 2000 watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa Marekani wakairudia kazi hiyo.

Dinosaria mashuhuri wa Afrika Mashariki, hata hivyo, ni wa Tendaguru, Lindi, nchini Tanzania. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani Werner Janensch na Edwin Hennig walisimamia uchimbaji huko, lakini jembe na sururu vilishikwa na mamia ya wenyeji chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani. Wapagazi walibeba mifupa vichwani hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini. Leo mmoja wa wanyama hao amesimama kwenye jumba la makumbusho Berlin, kimo chake kikipita mita 13, na mtoto wa Lindi anahitaji viza kwenda kumwona.

Waingereza walipofika Tendaguru mwaka 1924, walimchukua kijana mzaliwa wa Kabete awe msaidizi wa kiongozi wao, William Cutler. Jina lake Louis Leakey. Cutler alifariki Lindi mwaka uliofuata kwa malaria. Leakey yeye alikuwa ameshajifunza kuchimbua mfupa bila kuuvunja. Kwa hiyo ukoo uliokuja kuipa Turkana jina ulianzia kwa dinosaria, jambo ambalo watoto wabishi watalifurahia.

Richard, mwana wa Louis, alifika ufuko wa mashariki wa Turkana na timu yake mwaka 1968. Waliookota mifupa mingi ni Wakenya ambao vitabu vya watoto huwataja kwa haraka, kama vinawataja. Bernard Ngeneo ndiye aliyeona, mwaka 1972, vipande vya fuvu la binadamu wa kale lililosajiliwa kwa namba 1470. Viliunganishwa zaidi ya 150, na bongo lililokuwamo lilionekana kubwa kuliko ilivyotarajiwa kwa umri wake.

Umri huo ndio ulioleta vita. Fuvu lilitoka chini ya tabaka la jivu la volkano liitwalo KBS, na maabara ya Uingereza ilikuwa imelikadiria jivu hilo umri wa miaka milioni 2.6. Basi fuvu likadhaniwa kukaribia milioni 3. Akaja Basil Cooke, mtaalamu wa nguruwe wa kale, akasema meno ya nguruwe wa Koobi Fora yanafanana na ya wale wa bonde la Omo, Ethiopia, walioishi miaka kama milioni 2 iliyopita. Wanafizikia hawakupenda kusahihishwa na nguruwe. Mabishano yalichukua sehemu kubwa ya miaka ya sabini, hadi vipimo vipya vilipoliweka jivu karibu milioni 1.9. Nguruwe walikuwa wamesema kweli.

Mzazi anayepanga safari ashike jambo moja: fuvu la 1470 haliko Sibiloi. Liko Nairobi, kama ilivyo mifupa ya kale ya mvulana wa Nariokotome, iliyogunduliwa na Kamoya Kimeu mwaka 1984, upande wa magharibi wa ziwa. Ushauri wangu ni kuanza na makumbusho ya Nairobi, ambako safari ni ya kwenda na kurudi siku moja, ndipo jangwa lifuate. Mtoto ambaye hajaona fuvu ataiona Koobi Fora kama changarawe tu. Yaliyoachwa mahali pake huko ni kobe mkubwa, mamba na tembo wa kale, pamoja na miti iliyogeuka mawe karibu na Mlima Sibiloi.

Njia yenyewe inavuka mto Thuci, inapita Chuka, Meru na Isiolo, na lami haikatiki hadi Marsabit. Hapo ndipo gari linapochaguliwa. Probox, hata ile inayokimbiza muguka alfajiri, ikomee Marsabit. Mbele kuna Maikona, Kalacha na North Horr kando ya Chalbi, na huko panahitajika magari mawili yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, spea za kutosha, maji, na mafuta yaliyojazwa Marsabit. Likizo ya Aprili haifai: mvua ikinyesha, Chalbi hugeuka tope la chumvi. Agosti ni kavu, ila upepo wa Turkana hung'oa hema lililofungwa kivivu. Kiingilio hulipwa kwa eCitizen kabla ya kuondoka, kwa sababu mtandao wa simu huko si wa kutegemea. Na mifuko ya watoto ikaguliwe wakati wa kutoka. Sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi hairuhusu kubeba kisukuku, hata kipande cha jino.

Wakiendelea kudai dinosaria, Lokitaung ni safari nyingine kabisa, kupitia Nakuru, Kitale na Lodwar, na hapo Meru na Isiolo hazipo njiani.